Mkalimani wa Kemilembe

Boti ya kutoka Idjwi ilitakiwa kufika saa tisa alasiri, lakini Mchungaji Abel Rwechungura alikuwa gatini tangu saa nane na nusu, amejibanza chini ya bati la mama mmoja muuza sambaza, dagaa wa ziwa lile, mwavuli ameukunja kwapani. Hakuwa na sababu ya kuwahi. Kwa mwaka mmoja na miezi miwili waliyokuwa wameishi Bukavu, mkewe alivuka ziwa kila Jumanne na kurudi kila Alhamisi, na kila aliporudi alichukua pikipiki mwenyewe hadi nyumbani kwao Nguba, akaingia na mananasi mawili ya kisiwani ndani ya kikapu. Hakuwahi kuhitaji kupokewa. Siku hiyo Abel hakuja kumpokea. Alikuja kuona. Alitaka kuona mkewe anashukaje, anashuka na nani, na uso wake unakuwaje kabla haujajua kwamba unatazamwa na mume.

Akaona.

Boti ilipogusa mbao, wa kwanza kuruka nchi kavu alikuwa Luc, muuguzi wa kituo cha afya cha kisiwani, mwanamume mrefu, mkavu, mwenye kofia ya sufu ya kijani. Alipokea kikapu cha Kemilembe, kisha akampa mkono. Kemilembe akaushika, akaruka, akatua, na alipotua akasema kitu kwa Kihavu, lugha ya watu wa Idjwi, maneno manne au matano tu. Luc akainama kwa kicheko mpaka kofia ikamdondoka. Kemilembe naye akacheka, kichwa amekirudisha nyuma, koo lote nje. Kicheko kile Abel alikifahamu. Mara ya mwisho kukisikia ilikuwa Kamachumu, kwao Bukoba, walipokuwa wachumba.

Mikono yao iliachana. Haikuchelewa kuachana, hata Abel mwenyewe, angeapishwa, asingesema imechelewa. Lakini moyo wa mtu mwenye wivu una saa yake, na saa hiyo haifanani na ya ukutani.

Alipojitokeza chini ya bati, Kemilembe alishtuka, kisha akafurahi, na Abel akakiona kile kishtuko kabla ya ile furaha. Luc alimsalimu kwa heshima, akamwambia, "Pasta, Maman Pasta amechoka sana leo. Umuchunge muzuri." Abel akashukuru. Alishukuru vizuri sana, kama anavyoshukuru mchungaji.

Walipokuwa wanapanda mteremko kuelekea Nguba, akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua, mkewe alimwambia nini Luc pale gatini.

"Pale? Hakuna. Mambo ya akina mama wa darasani," Kemilembe akasema. "Kwa Kiswahili hayachekeshi."

Abel akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza tena. Lakini neno hilo, kwamba kuna jambo linalomchekesha mkewe ambalo halipiti kwenye lugha yao wawili, alikwenda nalo hadi nyumbani, akala nalo chakula, na asubuhi akaamka nalo.

Walikuwa wamekuja Bukavu kama wamisionari wa Kilutheri, wametumwa na dayosisi yao ya Tanzania kwa miaka minne. Abel alikabidhiwa usharika mdogo katikati ya mji uliojaa Wakatoliki. Kemilembe, aliyesomea ukunga, alikabidhiwa wanawake kumi na wawili wa Idjwi, wakunga wa vijijini, awafundishe mpaka wafanye mtihani na wapewe vyeti. Wengi wao hawakujua Kiswahili wala Kifaransa. Kwa hiyo alihitaji mkalimani, na kituo cha afya kikampa Luc.

Abel alikuwa amedhani kwamba yeye ndiye angependwa. Alikuwa mhubiri mzuri kwao. Lakini Bukavu walimsikiliza kimya, wakimtazama kama mtu anayesoma taarifa, na vichekesho vyake vilianguka sakafuni kama sarafu zilizokwisha kufutwa sura. Mama Christine, mzee wa kanisa, ndiye aliyemfungulia macho, kwa wema kabisa. "Pasta, Kiswahili yako iko muzuri sana, sawa ya radio," alimwambia. "Lakini ya Maman Pasta, ile inaingiaka mu roho." Na ilikuwa kweli. Kemilembe alikuwa ameingia katika maneno ya watu wa pale kama mtu anayeingia ziwani, akilowa bila kuogopa. Alisema *mutoto*, alisema *muzee*, alisema *njo vile* badala ya ndivyo. Siku moja akiwa jikoni akamwambia Abel, "Chumvi iko wapi?" kwa lafudhi ya Idjwi tupu, na Abel akajiona amebaki peke yake nchini mwake, hali mwenzake amekwisha kuhama.

Halafu kulikuwa na mama yake. Mama yake Abel hakuutaka ule uchumba tangu mwanzo. Hakuwa na neno na tabia ya Kemilembe wala ukoo wake. Alichokuwa na neno nacho ni kazi yake. Alisema mkunga hana mlango, kwa sababu mlango wake hugongwa na kila mtu. Abel alimshinda mama, akaoa. Lakini mama hakuwa mtu wa kushindwa mara moja. Kila Jumapili jioni alipiga simu, na siku aliyosikia kwamba mke wa mwanawe hulala kisiwani siku mbili kila wiki, aliuliza jambo moja tu: huko anaongea kupitia kwa nani, ikiwa lugha yao haijui? Abel akasema yuko mkalimani. Mama akauliza kama ni mwanamume. Abel akasema ndiyo. Mama akanyamaza muda mrefu, kisha akaanza kumweleza habari za migomba iliyoangushwa na upepo. Angelaumu, Abel angemtetea mkewe. Hakulaumu. Alimwachia ule ukimya, na Abel akaufuga.

Ndipo akaandika ile barua. Ilikuwa wiki tatu kabla ya siku ya gatini. Alimwandikia katibu wa misioni wa dayosisi kwamba hewa ya ziwa haipatani na mkewe, kwamba afya yake imedhoofu sana, kwamba kwa uchungu mkubwa anaomba warudishwe nyumbani. Kabla ya kuituma aliomba, kama alivyozoea kuomba kabla ya kila jambo, na katikati ya maombi akagundua kwamba macho yake yako wazi, yanatazama mlangoni asije mtu akaingia. Akaituma hivyo hivyo.

*

Simu ilikuja Jumamosi asubuhi, siku mbili baada ya gatini.

Kemilembe alikuwa uani anaanika nguo. Abel alikuwa chumbani, mahubiri yako mbele yake mezani, dirisha wazi. Alimsikia mkewe akiitikia, akisalimu kwa furaha, akiuliza habari za Bukoba. Kisha akasikia: "Anaumwa nani?"

Kalamu ikasimama.

Abel alisikia maji yakidondoka kutoka kwenye shuka. Halafu akamsikia Kemilembe akisema kwa utulivu, "Ahaa. Asante sana, Katibu. Nimeguswa na mnavyonijali. Nitaongea na Mchungaji." Hakumuumbua. Angeweza kusema palepale kwamba yeye ni mzima wa afya, na hakusema. Jambo hilo lilimwogopesha Abel kuliko kama angemsikia anapiga kelele.

Kemilembe aliingia na mikono yenye maji. Akasimama mbele ya meza.

"Naumwa nini, Abel?"

Abel aliiweka kalamu chini.

"Nakuuliza. Nimesoma miaka mitatu kutambua mwili wa mwanamke una nini, na ugonjwa wangu mwenyewe sijauona. Nitajie."

"Nilitaka turudi nyumbani."

"Ungesema unataka kurudi. Una mdomo. Kwa nini ukausingizia mwili wangu?"

"Kwa sababu ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Nina wanawake kumi na wawili na mtihani mwezi wa sita."

"Unakataa kwa sababu ya wanawake kumi na wawili," Abel akasema, na akasikia sauti inamtoka ambayo hakuwahi kuitumia na mkewe, "au kwa sababu ya mwanamume mmoja?"

Sasa lilikuwa limetoka. Kemilembe alimtazama kama anavyomtazama mgonjwa aliyeficha kidonda mpaka kikanuka. Akajifuta mikono kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja. Kisha akaenda akafunga dirisha, akavuta kiti, akaketi.

"Mtaje jina."

"Luc."

"Haya. Sasa nisikilize mpaka mwisho." Alitazama mikono yake. "Mwezi wa kumi, tulikuwa tunatoka kwa mzazi mmoja mlimani, Luc akaniambia ananipenda. Alisema kwa Kiswahili, si kwa Kihavu, ili nisipate pa kujifichia. Nikamwambia mimi ni mke wa mtu, na huyo mtu nampenda. Nikamwambia akilirudia neno hilo nitatafuta mkalimani mwingine. Hajalirudia."

Abel alikuwa amengoja wiki nyingi kusikia jambo kama hilo, na sasa amelisikia hakujua aliweke wapi. Alikuwa amekosea na alikuwa amepatia, vyote kwa pamoja.

"Miezi mitano," akasema. "Hukuniambia."

"Sikukuambia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ungefanya hivi ulivyofanya. Na umefanya hata bila kuambiwa."

Nje mvua ilianza, na nguo zilikuwa kwenye kamba, na hakuna aliyeinuka. Abel alijua anapaswa kunyamaza. Alijua kwamba mke aliyekataa akasema amekataa amekwisha kutoa kila kinachodaiwa. Lakini wivu ni moto wa pumba. Huuoni unawaka, mpaka uukanyage.

"Ulifurahi?" akauliza.

"Nini?"

"Alipokuambia. Ulifurahi?"

Kemilembe angeweza kusema hapana. Ilikuwa rahisi, na wote wawili wangeendelea na maisha. Alifikiri kwanza.

"Siku ile, kidogo," akasema. "Nilikuja nyumbani Alhamisi moyo unadunda, nimejiapiza nitakuambia. Nikakukuta hapo hapo ulipo, unaandika. Hukuinua kichwa. Ukaniuliza kama mananasi yameiva." Sauti yake ikapungua. "Mwaka mzima, Abel, hujaniuliza jina la mwanamke hata mmoja ninayemfundisha. Yeye anayajua yote kumi na mawili. Simpendi Luc. Lakini sitakudanganya kwamba mtu akitazamwa haoni raha."

"Mimi nakutazama."

"Wewe unanichunga," Kemilembe akasema. "Alhamisi ulikuja gatini kunichunga. Ulidhani sikujua?"

Akainuka, akaenda kuanua nguo zilizolowa.

*

Siku tatu walikaa kama wapangaji. Jumapili Abel alihubiri, na Mama Christine akamwuliza mlangoni kama ana homa. Jumanne asubuhi Kemilembe alipanga kikapu chake, na akiwa kizingitini, bila kugeuka, akasema kwamba boti ni ya watu wote, na mwenye jambo na mtu humwendea mwenyewe.

Jumatano Abel akaenda.

Hakuwahi kufika Idjwi. Mwaka mzima kisiwa kilikuwa mbele ya macho yake kila asubuhi, kimelala juu ya maji, na yeye hakukanyaga. Sasa alipanda njia nyekundu katikati ya kahawa na mananasi, viatu vya kanisani vimejaa tope, na kila aliyemwuliza njia alimjibu kwa swali: ni yeye bwana wa Maman Pasta?

Darasa lilikuwa barazani pa kituo cha afya. Abel alisimama nyuma ya nguzo, hawakumwona. Wanawake kumi na wawili walikaa kwenye mabenchi. Katikati, juu ya meza, palikuwa na mtoto wa kitambaa aliyeshonwa kwa mkono. Kemilembe alisema kwa Kiswahili, Luc akageuza kwa Kihavu. Kemilembe alifika nusu ya maneno, Luc akawa amekwisha kuona yanakokwenda, akayapokea, akayapeleka. Akikosea, Kemilembe alimsahihisha kwa Kihavu, na wanawake wakacheka, na Luc akacheka. Walikuwa kama watu wawili waliobeba mzigo mmoja kwa mti mmoja, hatua sawa, bila kutazamana.

Hilo lilimchoma Abel kuliko mkono wowote. Angewakuta wamekumbatiana angejua la kufanya. Lakini mtu afanye nini na watu wanaofanya kazi vizuri pamoja?

Walipopumzika, Luc alimwona. Alikuja moja kwa moja, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Kwa karibu alikuwa mzee kuliko Abel alivyodhani. Mvi zilikuwa zimeanza kwenye ndevu.

"Pasta. Ulikuja juu yangu."

"Nimekuja kwa ajili yako, ndiyo."

"Alikuambia?"

"Ameniambia."

"Basi sitaficha." Luc alitazama chini. "Nilimupenda. Bibi yangu wa ndoa alikufa, sasa iko miaka tano. Nilizania roho yangu ilikufa naye. Maman Pasta alinirudisha mu nafasi yangu, na alifanya muzuri. Mimi ni mutu wa Mungu sawa vile wewe, sitaki aibu mu nyumba ya mwingine." Akatoa karatasi iliyokunjwa mfukoni mwa koti. "Niliandika demande, barua ya kuomba kurudi kwetu Walungu. Sijaipeleka bado. Kama unasema niende, semaine hii, mbele ya Jumapili, naenda. Sema tu."

Abel aliitazama ile karatasi. Alikuwa ameandika barua ya uongo, amemgeuza mkewe mgonjwa, amevuka ziwa na viatu vya tope, kutafuta kitu hicho hicho, na sasa kilikuwa mkononi mwa mtu, kinasubiri neno moja. Nenda. Neno lenyewe lilikuwa limekwisha kufika ulimini, na lilikuwa tamu.

"Ukienda, nani atamtafsiria?" akauliza.

"Hakuna. Wenzangu hapa hawana wakati. Darasa itafungwa."

Barazani wanawake walikuwa wanamgeuza mtoto wa kitambaa, wakibishana. Mmoja, mwenye kitenge cha njano, mama wa miaka hamsini hivi, alimnyang'anya mwenzake yule mtoto, akamwonyesha upya, taratibu, mikono yake mikavu ikipita chini ya kiuno cha kitambaa kama inapita chini ya kitu kilicho hai.

"Yule wa kitenge cha njano anaitwa nani?"

Luc akageuka. "Ni Mapendo. Mwezi iliyopita mama mumoja alishikwa na uchungu kwake mbali, mvua, njia imekatika, mutoto anakuja na miguu mbele. Mapendo alikuwa peke yake. Alifanya vile Maman Pasta alimufundisha." Akaigeuza kofia mkononi. "Mama iko. Mutoto iko."

Kemilembe alikuwa amemwona sasa. Alikuwa amesimama karibu na meza, hakusogea, hakumwita. Alimwacha.

"Baki," Abel akasema.

Luc hakusikia vizuri, au alitaka kusikia tena.

"Baki mpaka wafanye mtihani. Lakini ujue kwamba sikupendi."

"Ni haki yako, Pasta," Luc akasema, na akairudisha karatasi mfukoni.

*

Jioni ya Alhamisi, baada ya kurudi Nguba pamoja, Abel alimwandikia katibu wa misioni barua ya pili. Aliandika kwamba mkewe hana ugonjwa wowote wala hakuwahi kuwa nao, na kwamba aliyesema uongo ni yeye. Alimpa Kemilembe aisome kwanza. Alisoma, akamrudishia, akasema, "Tuma," na usiku ule alimwekea chakula kwa mkono wake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Jumamosi. Abel akadhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Katibu alimshukuru kwa kusema kweli, lakini halmashauri haikuweza kulipita jambo hilo hivi hivi. Mchungaji aliyedanganya aliitwa nyumbani ana kwa ana, akae huko mpaka wamalize naye mazungumzo, na mwenzake mmoja angekuja kuushika usharika. Kuhusu Bibi Kemilembe, kazi yake ilikuwa na sifa njema tupu. Angeweza kufuatana na mumewe au kubaki mpaka wanafunzi wake wafanye mtihani, kama mwenyewe atakavyopenda.

Abel alimkabidhi simu asome. Alimaliza, akaiweka mezani, kioo chini.

"Unataka niseme nini?"

"Usiseme nitakalo," Abel akajibu. "Sema lako."

"Nitabaki mpaka mwezi wa sita."

Alikuwa amelijua jibu hilo kabla halijatoka. Lilimkata hata hivyo. Alimwomba mtu mwingine abaki, akabaki. Sasa yeye mwenyewe ndiye anaondoka, na anaowaacha nyuma ni wale wawili, na darasa, na ziwa. Kama ni adhabu, hakuna halmashauri ambayo ingeweza kutunga kali zaidi. Mama yake alipopewa habari alisema maneno mengi, na kwa mara ya kwanza Abel alimkatiza. Mama Christine yeye hakusema kitu. Alileta sombe ya majani ya muhogo na samaki, akakaa nao, akamshika Abel bega alipoaga.

Safari iliangukia Jumanne. Kemilembe alimsindikiza hadi Ruzizi, kwenye mpaka wa Rwanda, kikapu chake cha Idjwi tayari begani, kwa kuwa boti yake ilikuwa inaondoka saa nne. Watu walikuwa wanapita pande zote na mafungu ya mboga na matenga ya kuku. Walisimama kando, karibu na ukuta, na kwa dakika kadhaa wakaongea mambo ya ovyo: ufunguo wa kanisa, bomba la maji la jikoni, sweta lililosahaulika.

"Uliza," Kemilembe akasema ghafla.

"Niulize nini?"

"Hilo lililokukaa kooni tangu asubuhi."

Abel alimtazama. Alikuwa na swali, na lilikuwa na jina la mtu ndani yake.

"Nikiuliza, utajibu?"

"Nitajibu."

"Basi sitauliza."

Kemilembe alinyoosha mkono akamweka sawa ukosi wa shati, pale mbele ya askari na akina mama wa kuku, na vidole vyake vikabaki shingoni mwake.

"Utanisubiri?" Abel akauliza.

"Mimi nina kazi," akasema. "Wewe ndiye utakayesubiri." Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini hakuyafuta. "Wanawake wengi wamewasubiri waume wao wakiwa misioni. Jaribu na wewe. Subiri vizuri, Abel, nije nikukute."

Akamwachia, akasimamisha pikipiki, akapanda kwa upande na kikapu magotini, akaenda.

Upande wa Rwanda walimchelewesha na karatasi zake. Alipotoka, jua lilikuwa limepanda, na ng'ambo ya maji Nguba ilikuwa wazi kabisa, paa kwa paa. Akaiona boti. Ilikuwa inatoka taratibu, imejaa, rangi za vitenge zimebanana kama maua sokoni. Kitenge cha mkewe kilikuwa cha bluu. Kulikuwa na vya bluu vitatu. Abel alisimama ukingoni mwa barabara na begi lake, akakaza macho kumtafuta, na alipodhani amempata akajaribu kuona ni nani aliyekaa kando yake.

Palikuwa mbali. Boti ilizunguka rasi ikapotea. Konda wa basi la Kigali alikuwa anaita abiria wa mwisho, na Abel akainua begi, akaanza kupanda kilima.